Mzao wa Kwanza wa Zabibu

Hadithi hii si ya kulalia, ni ya kubishania. Anayesinzia asogee kando.

Enzi zile ng'ombe wakichungwa kwa farasi chini ya Mlima Kenya, Nyanya Kathure alikuwa na farasi jike, Zabibu, na wafanyakazi watatu. Gitonga, viganja vyake vilihisi uvimbe kabla macho hayajauona. Mwirigi alijua kumjenga mnyama misuli. Nkatha alikuwa na subira. Watu walicheka: subira nayo ni kipawa?

Siku moja Zabibu aliteleza, kano ya mguu ikachanika. Majirani wakataka apigwe risasi. Nyanya akakataa. "Desturi yetu haijafa," akasema. "Mkono utakaomponya utapewa mzao wake wa kwanza."

Gitonga akausimamisha mguu mtoni, kwenye maji ya baridi. Akaufunga, akaufungua, akaukanda, hadi uvimbe ukanywea.

Nkatha akashika kamba. Kila asubuhi alimtembeza polepole hadi mwili upate moto na shingo ilegee, ndipo ampeleke kwa Mwirigi. Hadi leo anaikumbuka pumzi ile ya moto begani mwake, na umande miguuni. Kwao, kila ndama aliyezaliwa walipewa kaka zake. Yeye hakuwahi kuwa na mnyama wa kumwita wangu.

Mwirigi akamvusha Zabibu magogo, akampandisha kilima, mapaja yakajaa. Asubuhi moja ya baridi kali hakumngoja Nkatha, akampandisha kabla mwili haujapata moto. Zabibu akarudi akichechemea, na Gitonga akaanza upya.

Mwishowe Zabibu alikimbia tena. Akazaa mtoto mwekundu, miguu mirefu kama vijiti.

"Wangu huyo," Gitonga akasema. "Bila mimi mngekuwa mmeshamzika mama yake."

"Mguu usio na nguvu ni pambo, kaka," Mwirigi akamjibu. "Na huyu dada alifanya nini? Kutembea tu?"

"Kutembea tu," Nkatha akasema. "Asubuhi uliyonikimbia, ulituletea nini?"

"Nilikosea siku moja. Hizo nyingine zote nani alimpandisha kilima? Wewe?"

"Ni wewe, ni kweli," Nkatha akakubali.

Nyanya akaishika kamba ya mtoto. "Desturi ilisema mkono mmoja," akasema. "Mimi naona mitatu, na farasi hagawanywi."

Je, ungekuwa wewe Nyanya Kathure, kamba ungempa nani? Taja jina, utoe na sababu. Jina bila sababu hatulipokei.