Chungu cha Zimwi

Sogeeni motoni, niwape hadithi ya wakubwa wa kijiji cha Mwachande.

Zimwi la kiangazi liliunywa mto wao wote, likautema ndani ya chungu kimoja. Likasema, "Kibebeni kichwani hadi kijijini bila kumwaga, mto utarudi. Mara tatu tu. Mkishindwa, naumeza."

Mbodze, mchota maji tangu utotoni, akasimama barazani. "Baba zangu, nipeni mimi."

"Keti, mama," Mzee Dzombo akacheka. "Haya si maji ya ugali. Haya ni mambo ya nchi!"

Lo, mabwana hao! Wa kwanza aliona ngata ya kutulizia mzigo kichwani ni kitambaa cha wanawake, akakiweka chungu juu ya kipara. Kikateleza. Zimwi likakijaza tena. Wa pili alivaa ngata, lakini alitembea akiinamia miguu yake. Maji yakamwogesha.

"Mzee, imebaki mara moja," Mbodze akasihi. "Watoto wana kiu."

"Ndiyo maana nakibeba mwenyewe," akajibu Dzombo.

Akakibeba, bakora mkono huu, usinga mkono ule, maana mkubwa hatembei mikono mitupu. Nzi akamtua puani. Dzombo akapunga usinga, chungu kikaanguka, na zimwi likaumeza mto.

Wanawake wakajitwika vyungu vitupu, wakawashika watoto, wakahamia kwenye maji mengine. Wakubwa wangali barazani, wanajadili maji kwa koo kavu, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kuwatekea.

Hadithi naitua hapa. Mwenye ngata ajitwike.