Siku Ngiri Alipofunguliwa Macho

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na kichuguu!
Kichuguu kina nini?
Kina vyumba saba!
Na mlango je?
Mlango tuambie wewe!

Basi kaeni, nitawaambia.

Katika kichuguu hicho alikaa Bi Nguchiro na wanawe wanne. Mchwa waliohamia upande wa pili walikuwa majirani zake. Nyumba ilikuwa kavu na mlango wake ulikuwa mpana, maana Muhanga aliuchimba zamani akitafuta chakula.

Ng'ambo ya bonde palikuwa na kantini ya askari wa hifadhi, na kantini ilikuwa na televisheni. Kila Jumapili mchana wanyama walijipanga nje ya dirisha kutazama kipindi cha kukarabati nyumba. Wenye nyumba waliondolewa, mafundi wakabomoa, wakajenga, wakapaka rangi. Kisha wenyewe walirudishwa wamefunikwa macho. Moja, mbili, tatu! Wakifunguliwa walishika mashavu na kusema, "Siamini macho yangu!" Halafu walilia. Kila Jumapili walilia. Kanga naye alilia nao, ingawa hakuwajua.

Aliyekaa mbele kabisa alikuwa Ngiri. Mimi simlaumu. Nani hajatazama nyumba ya watu kisha akaiona yake imechakaa? Lakini Jumapili moja Ngiri aliinuka kabla kipindi hakijaisha, akaenda mbio, tuku tuku tuku, mkia juu kama antena, hadi kwenye kichuguu.

"Hodi!"

"Karibu, Bwana Ngiri."

"Vyumba vingapi?"

"Saba."

"Nimepapenda. Tokeni."

Bi Nguchiro alidhani ni utani. Ngiri akamwelekezea meno yake, na utani ukaisha. Jioni hiyo wale watano walijikunyata chini ya kichaka cha miiba. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kupanda, na mtoto wa mwisho alikuwa na kikohozi.

"Mama, mvua ikija?"

"Itatukuta nyumbani," alisema mama yake. Nyumbani wapi, hakusema.

Asubuhi alikwenda kwa Ngiri, akapiga magoti.

"Bwana Ngiri, hongera kwa kuhamia. Ila watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba bwana mkubwa kama wewe amehamia nyumba ambayo haijakarabatiwa."

Ngiri alishtuka. "Wamesema hivyo?"

"Mimi na wanangu tutakufanyia. Tuna deni gani nawe zaidi ya heshima? Lakini masharti unayajua."

Alikuwa anayajua kuliko mtu yeyote. "Niondoke siku saba. Nirudi nimefunikwa macho. Nifunguliwe mbele ya watu."

"Na ukifunguliwa?"

"Nalia!" akasema Ngiri kwa fahari.

Kazi ikaanza. Mchwa walileta udongo na mate, watoto wakakanyaga, mama akapiga lipu. Pa! Pa! Pa! Ngiri alisikia kutoka ng'ambo ya bonde alikokuwa akingoja, akashindwa kuvumilia.

Siku ya pili akaja, tuku tuku tuku. "Hodi!"

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hachungulii!"

Akarudi, tuku tuku tuku, mkia juu.

Siku ya nne akaja tena, tuku tuku tuku. "Hodi! Sebule ikoje?"

"Mwenye nyumba hachungulii!"

Akarudi.

Siku ya sita akaja polepole, tuku... tuku... "Niambieni rangi tu, jamani."

"Mwenye nyumba hachungulii!"

Akarudi akitabasamu. Mambo yalikuwa kama ya kwenye televisheni kabisa.

Siku ya saba wanyama wote walikuja. Ngiri aliletwa akiwa amefunikwa macho kwa jani la mgomba. Mawingu yalikuwa meusi.

"Moja!" walipaza sauti. "Mbili! Tatu!"

Jani likadondoka.

Ngiri akatazama. Kichuguu kilikuwa kizuri ajabu: udongo mwekundu uliosuguliwa, mistari ya majivu meupe, ua la mshubiri juu. Akatafuta mlango. Akautafuta tena. Chini kabisa palikuwa na tundu lililotosha yai la kanga.

Akapigwa na butwaa. Mdomo wazi, masikio wima, hata mkia ulilala.

"Mlango uko wapi?" alinong'ona.

"Ndio huo, bwana. Mwaka huu wanapenda midogo. Hauingizi vumbi."

Ngiri alitaka kunguruma. Lakini aliwaona watu wote wameinamisha shingo wakimsubiri. Kanga alikuwa ameshaanza kulia. Akakumbuka Jumapili zote: hajawahi kumwona mwenye nyumba aliyekasirika.

"Siamini macho yangu," alisema, na kweli hakuyaamini. Machozi yakamtoka, chururu.

"Amelia!" wanyama walishangilia. "Amefurahi!"

Radi ikapiga, gruuum! Watu wakatawanyika.

"Acha tukague dari," alisema Bi Nguchiro. Akaingia, chu! Watoto wakafuata: chu! chu! chu! chu!

Ngiri akangoja. Mvua ikashuka.

"Nguchiro! Mnakagua bado?"

"Bado, bwana!"

"Inavuja?"

"Haivuji hata tone!"

"Tokeni basi!"

"Mwenye nyumba hatoki!"

Ngiri akakipiga kichuguu kwa jino lake, ka! Udongo wa mchwa ulikuwa umekauka siku saba. Kilichomeguka ni jino. Akaenda zake akilowa, akapata shimo bovu la Muhanga. Alipofika mlangoni alisita, akageuka, akaingia kinyumenyume, uso nje, macho wazi. Mpaka leo ndivyo aingiavyo. Nendeni mkamtazame.

Wengine husema funzo ni kwamba televisheni hudanganya. Sioni ilipodanganya. Iliahidi machozi, yakapatikana.

Funzo, basi, ni hili: ukimnyang'anya mtu nyumba yake, usisahau kuikarabati.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Anayeenea apite, asiyeenea aingie kinyumenyume.