Vidole vya Nyamizi na Mkataba wa Visima

Hapo zamani, na wala si zamani sana, siku ambazo kila mwenye duka alishakuwa na muhuri wake, palikuwa na karakana ya kushona sare za shule. Ilikuwa nyuma ya stesheni, katika mji mmoja wa reli. Mwenye karakana alikuwa mama mmoja aliyeitwa Kalunde. Alikuwa na mafundi sita. Watano walikuwa waajiriwa: mwisho wa mwezi mshahara unatoka, kodi inakatwa, wananung'unika, wanakwenda nyumbani. Wa sita aliitwa Nyamizi.

Nyamizi aliwashinda wote kwa suruali. Mtoto angeweza kuruka ukuta na suruali ya Nyamizi, ukuta ukachanika kabla ya suruali. Siku aliyokuja kuomba kazi alikuja na cherehani yake juu ya baiskeli ya kukodi. Akaishusha, akaifuta vumbi, ndipo akasalimia.

"Shikamoo bosi. Kazi nitaifanya. Ila mimi sitaki kukatwa. Cherehani ni yangu. Mwenye cherehani yake ana biashara yake."

"Marahaba," Kalunde akasema. Akafikiri. Fundi asiyekatwa ni fundi asiyechangiwa pia, na michango ya mwajiri ilikuwa inamuuma Kalunde kila mwezi. "Utalipwa kwa kipande. Tuandikiane, mambo yaishe."

Akaitwa Mzee Ndimila, mtunza hesabu aliyezunguka karakana kwa karakana na mkoba wake. Mzee Ndimila alikuwa na mkataba tayari. Alikuwa amewaandikia wachimba visima mwaka uliotangulia na hakuona sababu ya kuchosha vidole. Akafuta jina la mchimbaji, akaweka la Nyamizi. Ndiyo maana kifungu cha nne kilisema kwamba Nyamizi si mwajiriwa bali ni mkandarasi huru, na kifungu cha tano kilisema ataondoa mitambo yake eneo la kazi maji yakishapatikana.

"Imeandikwa si mwajiriwa," akasema Mzee Ndimila. "Ikishaandikwa na kugongwa muhuri, hakuna wa kuuliza."

Kalunde akasaini. Nyamizi akasaini. Mzee Ndimila akagonga muhuri. Hakuna aliyesoma kifungu cha tano.

Miaka saba ikapita. Saa mbili asubuhi Nyamizi anaingia, kwa sababu Kalunde alitaka mafundi waingie saa mbili. Anavaa aproni ya kijani, kwa sababu Kalunde alitaka aproni za kijani. Akifiwa anaomba ruhusa. Mara moja mteja wa mtaani alimletea gauni la harusi, Kalunde akasema, "Hapa tunashona sare tu," na gauni likarudi lilikotoka. Hata hivyo, wenzake wakikatwa mshahara, Nyamizi alihesabu zake zote kamili na kusema, "Poleni, waajiriwa."

Mwaka wa saba, wiki ya kufungua shule, fundi mkataji akaugua. Kalunde akamwita Nyamizi.

"Acha suruali. Shika mashine ya kukatia."

"Bosi, mimi ile mashine siijui."

"Inawashwa hapa, inazimwa hapa. Shule mbili zinasubiri."

Nyamizi akashika mashine. Ilikata kaki tabaka ishirini, vizuri kabisa. Tabaka la ishirini na moja lilikuwa na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto.

Kalunde alimkimbiza hospitali yeye mwenyewe, akamlipia matibabu, akalala sakafuni wodini siku mbili. Hilo lazima lisemwe. Lakini vidole havikurudi, na suruali inataka mikono miwili iliyokamilika. Nyamizi sasa aliweza kushona vifungo tu.

Jirani akamwambia kuna mfuko unaowafidia wafanyakazi walioumia kazini. Nyamizi akaenda. Karani wa mfuko akachukua kalamu.

"Mwajiri wako ni nani?"

"Kalunde," akasema Nyamizi.

Lilimtoka hivyo hivyo. Miaka saba alikuwa akisema hana mwajiri, na siku hiyo jina lilikuwa mdomoni. Karani akaandika. Alipotafuta jina la Nyamizi kwenye orodha ya waajiriwa wa Kalunde hakulikuta, akaandika barua, na barua ikafika ofisi ya kodi.

Akaja ofisa, Bwana Lusekelo, kijana mpole mwenye faili jembamba. Aliomba maji ya kunywa, akashukuru, akakaa kwenye meza ya kukatia. Kalunde akamletea mkataba. Bwana Lusekelo akausoma wote, mpaka kifungu cha tano. Akakirudia kifungu cha tano.

"Maji yalipatikana?" akauliza.

Akaukunja mkataba, akaendelea.

"Karatasi nimeisoma. Sasa niambieni kazi. Dada Nyamizi, nani alipanga saa ya kuingia?"

Kalunde akamtazama Nyamizi. Walikuwa wamezungumza jana yake, Kalunde amemwomba: sema uko huru, sema ulikuja upendavyo, mwanangu, karakana hii ndiyo roho yangu. Na Nyamizi hakuwa ameahidi kitu.

"Bosi," akasema Nyamizi.

"Ungeweza kumtuma mtu mwingine ashone badala yako?"

"Bosi asingekubali."

"Ungeweza kushonea watu wengine?"

"Nililetewa gauni. Bosi alikataa."

"Nani alikupa mashine iliyokukata?"

"Bosi."

Bwana Lusekelo akafunga kalamu. "Mama Kalunde, huyu ni mwajiriwa wako. Mlichokiita kwenye karatasi hakibadilishi kitu. Kulipwa kwa kipande hakubadilishi. Cherehani kuwa yake ni jambo la kutazamwa, lakini peke yake halitoshi. Kodi ulipaswa kuikata na kuileta. Hukuikata, kwa hiyo utaileta bila kuikata, pamoja na adhabu."

"Na yeye aliyekula hela nzima?"

"Adhabu ni yako. Ile kodi yenyewe, ukishailipa, sheria inakuruhusu kumdai. Utamdai au hutamdai, hilo halimo kwenye fomu yangu."

Mzee Ndimila, aliyekuwa ameitwa aje kutetea mkataba, akakohoa. "Basi kumbe hakuna aliye huru nchi hii?"

"Wewe mzee, hapa unakuja saa ngapi?"

"Nikipenda."

"Bei anapanga nani?"

"Mimi. Na nina karakana nyingine tisa."

"Basi wewe uko huru kabisa. Kodi yako unailetaga mwenyewe?"

Mzee Ndimila alikuwa anaamini kwamba mtu huru hana kodi. Aliiamini miaka ishirini na sita, na alikuwa amewafundisha wengine. Bwana Lusekelo akatoa fomu ya pili.

Mambo yakaenda hivi. Kwa kuwa sasa Nyamizi alikuwa mwajiriwa, mfuko ukamfidia vidole vyake. Kwa kuwa Nyamizi alikuwa mwajiriwa, Kalunde akauza mashine ya kukatia akalipa adhabu yote. Wakarudi kukata kwa mkasi, shule moja ikachoka kusubiri, ikahamia kwingine. Ikabaki kodi yenyewe. Na ukiitazama kodi iliyobaki, na ukiitazama fidia ya Nyamizi, zilikuwa karibu sawa.

Wakakutana watatu mezani, bila ofisa.

Kalunde akasema, "Nyamizi, wewe ndiwe uliyekataa kukatwa. Mimi sikukufuata, wewe ulinifuata na baiskeli. Ile hela ilikuwa ya serikali, nawe uliila miaka saba ukiwacheka wenzako. Adhabu nimelipa, mashine nimeuza. Lipa kodi uliyokula."

Nyamizi akasema, "Bosi, ni kweli nilikataa. Lakini mimi ni fundi suruali, sheria sizijui. Wewe ulikuwa na waajiriwa watano, ulijua mwajiriwa anafananaje. Ulinikubalia kwa sababu nawe uliikwepa michango. Na hela niliyo nayo si mshahara, ni vidole vyangu. Nikikupa hii, nimekupa mkono."

Wote wawili wakamgeukia Mzee Ndimila.

Mzee Ndimila akasema, "Nilikosea, nakiri. Lakini mkataba mliutaka ninyi, mimi nilileta karatasi. Kalunde alinilipa bei ya chai. Kwa chai, mtu analipia kodi ya miaka saba ya mtu mwingine? Mimi mwenyewe nina fomu yangu ya kujaza."

"Lakini wewe ndiwe uliyesema hakuna wa kuuliza," akasema Nyamizi.

"Na tukakuamini," akasema Kalunde. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana wawili hao siku ile.

  Nyamizi akavuta kikapu akaanza kushona vifungo kwa vidole vitatu, maana vifungo vilikuwa vinasubiri. Kalunde akashika mkasi. Mzee Ndimila akaangalia mlango, lakini hakutoka.

Tarehe ya kulipa ni kesho kutwa. Kodi haijalipwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesema uongo pale mezani. Basi ninyi mliokaa hapa, na hasa ninyi mnaoweka saini bila kusoma: aliyetaka kulipwa kamili, aliyekubali akijua, na aliyeandika bila kujua, je, nani anastahili kuilipa?