Wagonjwa Wazima wa Sultani Chande

Palikuwa na sultani mmoja, Mwinyi Chande, aliyependa sifa kuliko pilau. Alijenga nyumba ya tiba katika mji wake wa Kisimatamu: kuta za chokaa, vitanda vya samadari, mito ya sufi. Tusimnyime haki yake, nyumba ilipendeza. Ilikuwa na kasoro moja tu: ilikuwa na wagonjwa.

Sultani hakuwapenda hata kidogo. Kila akija kukagua, huyu anakohoa, yule anaguna, mwingine anamtapikia waziri viatuni. Basi akamwita msimamizi wa nyumba, mtu aliyeitwa Dadi, akamwambia kwamba sultani wa ng'ambo ya mto anakuja Ijumaa kuitazama nyumba hiyo, na siku hiyo yeye Chande hataki kusikia kikohozi wala kumwona mtu aliyekonda. Kikisikika kikohozi kimoja tu, Dadi atakwenda kuchunga punda.

Sasa Dadi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na wenzangu mnajua, mwoga akipewa cheo huleta hasara kuliko mbaya mwenyewe. Hakuthubutu kumwambia bwana wake kwamba nyumba ya tiba ni ya wagonjwa. Asubuhi ya Ijumaa akaamuru wagonjwa wote watolewe, wakalazwe uani nyuma ya banda la kuni, juani na kwenye vumbi. Kisha akashika njia ya sokoni kutafuta watu wenye mashavu.

Huko akamkuta Mize, muuza vitumbua. Mize alikuwa na mashavu, tena alikuwa na ulimi, ila ulimi Dadi hakuuona. Akamwomba aje alale kitandani nusu siku, chakula kipo. Mize akafuata, akaonyeshwa kitanda cha karibu na dirisha. Kitanda hicho ndicho alichomlazia mumewe juzi, Faki mpasua mbao, aliyeshikwa na homa hata meno yakawa yanagongana.

Akauliza walipo wagonjwa, akakimbilia uani. Faki alikuwa juu ya mkeka, midomo imemkauka, anatetemeka kwenye jua kali. Mize akalia, wala hakuona haya kulia. Akamnywesha maji, akamfunika kanga yake moja, akajifuta macho kwa ile nyingine. Kisha akarudi ndani, akajinyoosha kitandani. Dadi akamsifu kwa utiifu, akamnong'oneza kwamba sultani ameamuru asionekane mgonjwa.

Sultani akaingia na mgeni wake. Ndani kimya. Vitandani wamejaa watu wanene, wananukia udi, kila mmoja anatabasamu. Mgeni akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Sultani akavimba, akasimama mbele ya kitanda cha Mize.

"Bibi, wewe unaumwa nini?"

"Siumwi kitu, Maulana."

Sultani akamgeukia mgeni. "Umesikia? Ameshapona."

"Sikuugua hata nipone," akasema Mize.

"Sasa umelala hapa kwa nini?"

"Kwa amri yako, Maulana. Ulisema hutaki kumwona mgonjwa. Tazama, hayupo."

Dadi, aliyesimama nyuma, akarudi hatua moja kuelekea mlangoni. Sultani akacheka kicheko cha meno, akamwambia mgeni kwamba wanawake wa Kisimatamu hawaachi mzaha hata wakiwa taabani. Kisha akamwinamia Mize, akajaribu kwa upole.

"Hebu sema kweli, bibi. Umepata kuona mahali safi na patulivu kama hapa, pasipo kikohozi wala kilio?"

"Nimeona, Maulana."

"Wapi?"

"Makaburini."

Mgeni akajiziba mdomo kwa ncha ya joho lake. Sultani akaona giza. Akauliza kwa sauti ya chini wagonjwa wako wapi.

"Uani, nyuma ya kuni. Mume wangu ni mmoja wao. Asipotiwa kivulini sasa hivi, Maulana, wewe utapata sifa na mimi nitapata eda."

"Nyamaza. Nitaamuru uchapwe mpaka ushindwe kusimama."

Mize aliogopa. Angekuwa peke yake duniani angeomba radhi palepale. Lakini Faki alikuwa juani.

"Nichape, Maulana. Ila nikishindwa kusimama nitakuwa mgonjwa, na mgonjwa hapa hutupwa uani. Mzima hana haja na kitanda hiki, mgonjwa hana ruhusa nacho. Basi mwambie mgeni wako, kitanda umekiweka cha nani?"

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama dari. Mgeni akasema taratibu kwamba hata yeye angependa kujua, maana alikuwa na nia ya kujenga nyumba kama hii kwake.

Hapo sultani akamkaripia Dadi, wagonjwa warudishwe upesi. Wanene wakashuka vitandani wakikanyagana, waliokonda wakaingizwa, wengine kwa machela, wengine mgongoni. Nyumba ikajaa vikohozi. Faki akalazwa mahali pake karibu na dirisha, kitambaa cha maji kwenye paji la uso, naye Mize akakaa sakafuni kando yake, amemshika mkono. Baada ya muda meno yakaacha kugongana.

Lakini mpenda sifa ni mpenda sifa. Sultani hakutaka kutoka mikono mitupu. Akatanua kifua mbele ya mgeni wake, akanyoosha mkono kuonyesha vitanda vyote.

"Umeona uongozi huo? Neno langu moja tu, na kila mgonjwa yumo kitandani."

"Kweli kabisa, Maulana," akasema Mize, hata kichwa hakuinua. "Na kuwatoa pia lilitosha hilohilo moja."