Sinema Juu ya Sanda ya Bi Somoe

Hapo zamani, ila si zamani ile ya fisi na sungura kuongea. Ni zamani hii ya juzijuzi, jenereta zipo na harusi zinapigwa video. Palikuwa na kijiji kinaitwa Nakiwanga. Kaeni vizuri. Wewe wa mlangoni, ama ingia ama toka, usinizibie upepo. Mwishoni nitauliza swali, na atakayekuwa anasinzia ndiye nitakayeanza naye.

Nakiwanga walikuwa na chemchemi moja bondeni, haijawahi kukauka. Na walikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine: miaka hawaihesabu, wanaipa majina. Kila mwaka, siku ya kusafisha chemchemi, mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kijijini huchota maji kwa kata, akataja jina la mtu aliyekifaa kijiji mwaka ule. Aliyetajwa hunywa wa kwanza, na mwaka unakuwa wake. Ukimuuliza mtu wa Nakiwanga amezaliwa lini, atakujibu, "Mwaka wa Nambunga," yaani yule mama aliyemfukuza chui kwa mwiko. Nambunga alishazikwa, wajukuu zake wamezeeka, lakini bado anatajwa kila siku. Mwaka mmoja, jina moja. Majina mawili hayaruhusiwi. Shikeni hilo.

Sasa, akaja Bwana Afisa wa kampuni ya gesi, shati limenyooka, ramani mkononi.

"Bomba litapita hapa," akasema, na kidole chake kikatua juu ya chemchemi. "Litafukiwa chini, hata hamtaliona."

Watu wakauliza, "Na maji?"

Akasema, "Maji hayana neno."

Akawapa siku kumi wafikiri. Ya kumi na moja, Jumamosi, mkutano wa kijiji uinue mikono kukubali au kukataa. Wengine wakasema kitu usichokiona kitakudhuru vipi. Nusu ya kijiji walikuwa tayari kuinua mkono hata kabla ya kuulizwa, kwa sababu ya lile shati.

Palikuwa na Shaweji, mpiga video wa harusi. Wiki ile alikuwa ametoka kupiga harusi Mchakamo, kijiji ambacho bomba lilishapita mwaka uliotangulia. Akarudi, hata kwake hakupita. Akaenda moja kwa moja kwa Chikwaju.

Chikwaju alikuwa na banda la video, na yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri picha. Za Kichina anatafsiri, za Kihindi anatafsiri, na hajui Kichina wala Kihindi. Mtu kwenye picha akisema maneno mawili, Chikwaju anasema ishirini, na humo anaingiza shemeji yako na deni lako la sukari. Watu walimpenda, lakini walimwita Chikwaju Mwongo. Binti yake shuleni akaitwa Binti Mwongo, na hilo lilimuuma Chikwaju kuliko alivyoonyesha.

Shaweji akamwekea ile harusi. Chikwaju akaiangalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakucheka hata mara moja.

"Hii waione wote," akasema. "Ijumaa baada ya swala. Kabla hawajainua mikono."

Basi ghala la ushirika likafagiliwa. Kina mama wakaziba madirisha kwa mikeka hadi mchana ukawa giza humo ndani. Projekta ipo, jenereta ipo, spika ipo. Kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha hakipo, cha Chikwaju kilikuwa kimeliwa na panya. Wakajaribu shuka la Shaweji, lina maua mekundu, kila mtu kwenye picha akaota waridi puani. Wakajaribu kanga, ikawa kila uso una maandishi kwenye paji. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, lakini sinema haikuwapo.

Ndipo akaja Bi Somoe na kifurushi kwapani. Bi Somoe ndiye aliyekuwa mwenye umri mkubwa kuliko wote Nakiwanga. Mume alishamzika, mtoto hakujaliwa.

"Shikamoo, bibi," wakasema vijana.

"Marahaba, waume zangu. Nasikia mnatafuta nguo nyeupe."

Akafungua. Bafta, nyeupe pe, imekunjwa mara nyingi, na ghala zima likanuka karafuu maiti. Vijana wakarudi nyuma. Ilikuwa sanda yake. Alikuwa ameiweka kwenye sanduku miaka kumi na tisa, akiianika juani kila baada ya mfungo.

"Bibi, hii hatuwezi," akasema Shaweji.

"Mnaweza. Maji yakiondoka, mtaniosha na nini kabla ya kunivika? Tundikeni. Ila mkimaliza mnirudishie, bado nina safari nayo."

Na Chikwaju, kwa haraka zake, akafanya alichozoea kufanya bandani kwake. Akachukua nyundo, akaigongomea ukutani kwa misumari minne. Ko, ko, ko, ko. Kina mama wakashika vichwa. Chikwaju akatambua alichofanya, jasho likamtoka, akataka kupiga magoti.

"Piga wa tano," akasema Bi Somoe, "katikati imelegea."

Watu wakajaa, wengine madirishani wakichungulia kwenye matundu ya mikeka. Picha ikaanza. Na kwa kuwa Shaweji ni mtu wa harusi, hakujua kutengeneza picha namna nyingine. Mtaro wa bomba umekata bonde la Mchakamo, Shaweji kauzungushia kopakopa nyekundu za mapenzi. Mama kabeba ndoo tupu, kopakopa. Mzee anaonyesha shimo kavu lililokuwa chemchemi, njiwa wawili wanaruka juu yake na busu katikati. Ghala likaangua kicheko. Shaweji akajificha nyuma ya jenereta.

Kisha pu, spika ikaungua. Moshi, na sauti hakuna. Midomo kwenye sanda inacheza tu. Watu wakaanza kuinuka. Mmoja akasema bora akaangalie mbuzi wake.

Chikwaju akasimama pembeni ya sanda.

"Kaeni," akasema. "Leo natafsiri Kiswahili."

Akaanza. Bibi harusi anafungua mlango, Chikwaju anasema, "Maji yamefika?" Dada anatikisa kichwa, Chikwaju anasema, "Bado." Bwana harusi yupo barazani, kanzu imeanza kukunjamana: "Maji yamefika?" "Bado." Mpishi wa pilau na sufuria kavu: "Maji yamefika?" Na sasa ghala zima likaitikia, "Bado!" Shangazi anauliza, ghala linaitikia. Watoto mbele wanapiga makofi. Ilikuwa raha, jamani, nisiwafiche, ilikuwa raha kama ngoma.

Mpaka bibi harusi akatoka nje hajaogeshwa, na vumbi lake mguuni, na machozi yamechora mistari kwenye singo ya harusi aliyopakwa usoni. Kopakopa zikamzunguka. Hakuna aliyecheka. Harufu ya karafuu maiti ilikuwa bado humo ndani.

"Hapo umeongeza, Chikwaju," mtu akasema gizani, kwa sauti ya kuomba iwe kweli.

Shaweji akatoka nyuma ya jenereta. "Nilikuwapo. Hajaongeza hata neno."

"Kwenye picha zote nilizowatafsiria," akasema Chikwaju, "steringi, yule shujaa wa picha, hafi. Hapa steringi ni maji, na ameuawa picha haijaanza. Mwisho wake sijauona. Ni kesho, mkutanoni."

Kesho yake Bwana Afisa akasimama na shati lake. Akasema wanaokubali wainue mikono. Hakuna mkono. Alimwona mtu mmoja ameinua, kumbe anajikuna. Akauliza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Jamani, tatizo ni nini?" Wakajibu kwa pamoja, sauti za watoto zikiwa juu kuliko zote, "Maji yamefika? Bado!" Akarudi na ramani yake, na baada ya miezi kadhaa ramani mpya ikapitisha bomba nyuma ya kilima cha mawe, mbali na bonde. Siku hiyo Nakiwanga walicheza mpaka ng'ombe wakasahaulika kukamuliwa.

Ikafika siku ya kusafisha chemchemi. Majani yakatolewa, tope likatolewa, maji yakatulia. Mwaka ukawa unasubiri jina.

Shaweji akasema, "Mimi nisingekwenda na kamera, mngeona nini? Mngeitazama sanda nyeupe mpaka magharibi. Na Mchakamo wamenikasirikia kwa kuonyesha harusi yao, hawaniiti tena. Mwaka ni wangu."

Chikwaju akasema, "Picha bila sauti ilikuwa inawatoa mlangoni, mmoja alishawataja mbuzi. Niliwarudisha kwa mdomo wangu. Na mimi sitaki mwaka kwa ajili yangu. Nataka binti yangu aitwe kwa jina lake."

Kina mama wakasema, "Kamera zipo, midomo ipo. Aliyevua nguo yake ya mwisho ni mmoja. Sanda ina matundu matano, na yeye hana mtoto wa kulitaja jina lake. Msipompa mwaka, nani atamtaja?"

Bi Somoe alikuwa amekaa ukingoni mwa chemchemi. Sanda yake ilikuwa imefuliwa, imekunjwa, ipo kwapani. Walipomuuliza kuhusu matundu, alisema, "Nitafika nayo hivyohivyo. Nikiulizwa, nitasema tulikuwa sinema."

Kisha watu wote wakamgeukia, kwa sababu walikumbuka jambo ambalo nimewaambia mwanzoni nanyi mmelisahau. Anayetaja jina ni mwenye umri mkubwa kuliko wote. Wakampa kata.

Bi Somoe akainama, akachota. Akamtazama Shaweji, ambaye bila kamera yake pasingekuwa na sinema. Akamtazama Chikwaju, na binti yake aliyekuwa amesimama amemshika baba yake shati. Akatazama maji, na humo ndani akajiona mwenyewe. Desturi haikatazi mtu kujitaja, wala haijawahi kutokea.

Akafungua mdomo.

Haya, wewe uliyekuwa unasinzia. Kata iko mkononi mwako, na kijiji kizima kinakuangalia. Je, unamtaja nani?