Mwanzi Mmoja, Visima Saba

"Ngano ninayo!"
"Ichovye tusikie!"
"Nimeichovya, chubwi!"
"Ichomoe tuione!"

Basi. Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa swali. Mke wa Sange alisimama kando ya kisima cha nne, ameshika nyasi kavu, akamwuliza mumewe, "Umefuta?"

"Si wewe ndiye unayefuta?"

"Nauliza tu, mume wangu. Siku moja utasahau."

Akaufuta mwanzi, fu-fu-fu, akamrudishia. Wakaenda kisima cha tano. Asubuhi iliyofuata mwewe alishuka akamnyakua mke, na swali lile halikuulizwa tena.

Sange mnamjua: ukubwa wa panya, pua ndefu kama anayenusa habari za jirani. Yeye na mkewe walikuwa wapimaji wa maji. Ndovu walikuwa wamechimba visima saba kwenye mchanga wa mto uliokauka, vyembamba, vyenye giza, huoni kilichomo mpaka uingize kichwa. Kila siku maji yalipanda hapa, yalishuka pale. Na mwanzi wa kupimia ulikuwa mmoja tu.

Walifanya hivi. Chovya, chubwi! Chomoa, fyuu! Soma umelowa mpaka pingili ya ngapi. Futa, fu-fu-fu. Nenda kingine. Mume alichovya na kusoma, mke alifuta. Pingili tatu na kidogo zilihesabiwa tatu, kwa sababu hiyo "kidogo" hainywi mtu. Kisha Mama Tandala, mkubwa wa baraza, alitangaza: kisima cha pingili nane, wote wanywe, cha pingili mbili, wanaonyonyesha tu.

Siku ya kuondoa tanga, Nyati alikuja. Du! Du! Du!

"Pole, bwana mdogo."

"Nimeshapoa, mzee."

"Vizuri. Sasa nipe mwanzi."

"Nikupe kwa nini?"

"Kazi ilikuwa ya wawili. Wewe sasa ni nusu. Na shimo lako hapo kando ya visima, hilo ni la mpimaji. Utahama."

Sange akalitazama shimo. Shimo lile walilichimba wawili, yeye kwa miguu ya mbele, mkewe kwa miguu ya nyuma, wakicheka. Asingehama.

Mama Tandala akaamua. "Kesho kila mmoja apime visima vyote saba, peke yake, kabla kivuli cha lile jabali la ukingoni hakijatoka mchangani. Atakayepima sawasawa atabaki na mwanzi."

Sange akarudi shimoni akapiga hesabu. Kuchovya na kusoma, aliweza. Kukimbia, aliweza, vijia vyake alivifagia majani kila siku. Kilichomshinda ni kufuta. Akisimama kufuta mara sita, kivuli kitamwacha. Asipofuta, mwanzi utasema uongo.

Akatazama kitanda. Upande wa mkewe nyasi zilikuwa vilevile, kavu, zimelaliwa katikati. Hakuwa amezigusa tangu siku ile. Kisha akazikusanya, akafunga mafungu sita, kwa maana visima saba vina njia sita katikati. Kabla jua halijazama alikuwa amebana kila fungu kati ya vijiti viwili, juu ya kijia, kimo cha mwanzi unapoburutwa.

Asubuhi wanyama wakajaa.

"Mzee Nyati, tangulia," akasema Sange. "Anzia kile cha jabalini, ndicho chenye kina. Mkubwa huanza na kikubwa."

"Umejifunza adabu!" Nyati akacheka, akaubeba mwanzi mdomoni. Chubwi! Fyuu! "Nane!"

"Kimbia, mzee! Kivuli!"

Du! Du! Du! Vijia vya Sange havikumtosha, akapita mchanga mpana. Kisima cha pili. Chubwi! Fyuu! "Nane!"

"Kimbia, mzee! Kivuli kinakuacha!"

Du! Du! Du! Cha tatu: "Nane!" Cha nne: "Nane!" Mwanzi ulikuwa ukichuruzika maji ya kisima cha kwanza. Kisima cha saba hakikulia chubwi. Kililia kssh. Lakini Nyati alikuwa anatweta mno hata asisikie. "Nane! Vyote nane! Nimebarikiwa mkono!"

Wanyama wakashangilia. Nani asiyependa kusikia nane?

Mwanzi ukaanikwa mpaka ukakauka, na kivuli kilikuwa hakijaenda mbali. Sange akaushika kwa meno. Chubwi! Fyuu! "Nane!" Pruuu kijiani, mwanzi ukapita katikati ya nyasi, fu-fu-fu, naye hakusimama. Chubwi! Fyuu! "Tatu!" Pruuu, fu-fu-fu. "Tano!" Pruuu, fu-fu-fu. "Mbili!" Kisha sita, kisha nne. Katika fungu la mwisho harufu ya mkewe ilimpiga puani. Hakusimama. Kssh. "Hamna kitu!"

Kivuli kilikuwa kimebakiza upana wa ukwato mmoja.

"Mwongo!" Nyati akanguruma. "Mimi nimesema nane!"

"Mama, ya nini kubishana?" akasema Sange. "Kila mmoja anywe anapopaamini. Mzee achague kwanza."

Macho ya Nyati yakang'aa. "Cha saba! Kiko karibu na malisho yangu. Na peke yangu! Asisogee mtu!"

"Mmesikia nyote?"

"Tumesikia!"

Nyati akapiga magoti, akazamisha kichwa chote mpaka pembe zikakwama. Sluuup... nyaaa! Ndovu wawili walimvuta mkia, akatoka amefunikwa tope, macho tu yanapepesa.

"Pingili ngapi, mzee?" akauliza Sange.

Fundisho la ngano hii, wenzangu, ni wazi: msifute chochote, kufuta kunachelewesha. Na ukiwa na pembe kubwa, sema kila kisima ni nane. Ila usinywe.

"Na Sange je?"

Sange kesho yake asubuhi alikata nyasi mpya, mafungu sita, akayabana vijiani. Yale ya zamani aliyaanika jabalini, yalipokauka akayarudisha kitandani, upande uleule. Kisha akasimama kwenye kisima cha kwanza.

"Umefuta?" akauliza kwa sauti.

"Nimefuta," akajibu. Chubwi.

"Ngano nimeichomoa!"
"Tumeisoma!"
"Basi ifuteni, mwingine achovye."