Labibu Mchimba Mlima na Jini Aliyetii Ulimi Wake

Waliopokea habari kwa wazee wao wametusimulia nasi ya kwamba katika mji wa Jauharia, ulio nyuma ya jangwa la chumvi, alitawala sultani mwadilifu aitwaye Mundhiri bin Zahrani, naye alikuwa na majumba na askari na hazina isiyopimika, lakini hakuwa na maji, kwa kuwa visima vya mji vilikauka kimoja baada ya kimoja, na wanawake waliamkia visimani alfajiri wakarudi na nusu mtungi. Wajuzi wakamwambia kwamba nyuma ya Mlima Adhra kuna ziwa la maji matamu, na atakaye kuyaleta mjini hana budi kuutoboa mlima wenyewe. Basi sultani akapeleka wachimbaji arobaini, na msimamizi wao akawa Labibu bin Sarahani, mtu wa makamo, fundi wa kuchonga mawe, aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia na hakuwa na mtoto.

Jabali lilikuwa gumu kupita hesabu yao. Wachimbaji wakaondoka, huyu kwa homa, yule kwa kuchoka, wengine kwa hofu ya sauti waliyoisikia ndani ya mwamba, hata akabaki Labibu peke yake. Wala hakubaki kwa ushujaa. Nyumba aliyoiacha mjini ilikuwa tupu kama pango lile, naye aliona afadhali upweke wenye kazi kuliko upweke wenye milango.

Mtu pekee aliyemwona alikuwa Salwa binti Ghalibu, mjane mchunga mbuzi wa bondeni, aliyeamriwa na sultani kuwapelekea wachimbaji mikate kila Ijumaa. Huweka kapu juu ya jiwe la mlangoni na kuuliza, "Waonaje hali, bwana Labibu?" Naye hujibu, "Ndiyo hiyo hiyo, bibi. Mimi nimekwisha." Mwanamke yule husimama kidogo, kisha huenda zake, kwa maana neno kama hilo halina pa kulishika.

Siku moja mtaimbo wa Labibu uligonga shaba, akatoa mwambani chupa ya shaba iliyopigwa muhuri, na alipoufungua akatoka jini mrefu, mwembamba, mwenye macho ya huzuni, akasujudu.

"Amani iwe kwako, ewe mwanadamu," akasema. "Mimi ni Barjasi, na aliyenifunga humu miaka elfu aliniapiza niwe mtumwa wa ulimi wa atakayenifungua."

"Basi nipasulie mlima huu."

"Mlima siuwezi, bwana wangu. Kiapo changu ni juu yako tu. Kila utakalolinena juu ya nafsi yako, mradi moyo wako unalisadiki, sina budi kulitimiza, nalo litadumu muda wote unaolisadiki. Pima kauli yako, nakusihi."

Labibu akaona huo ni upuuzi wa majini. Akashika nyundo, akanung'unika kama desturi yake, "Mkono wenyewe mzito kama bonge la risasi," na papo hapo mkono ukawa risasi, ukamvuta mpaka chini. Akapaza sauti, "Sasa sioni mbele wala nyuma," na kiza kikamfunika macho, akatambaa pangoni akiuburura mkono ule na kupapasa kuta kwa mwingine, hata alipohisi joto la jua shavuni akasema, "Mlango uko huku, na mkono huu nao umefika pamoja nami," na macho na mkono vikamrudia.

Kesho yake akajaribu werevu. "Mimi ni simba," akasema, "na leo naumaliza mlima." Halikutukia lolote. Barjasi akainamisha kichwa.

"Neno hilo halina uzito, bwana wangu. Umelisema na moyo wako umekaa kando ukikucheka."

"Basi niseme nini?"

"Sijui. Mimi ni mtumwa wa maneno, si mwalimu wake."

Ikafika siku ya Idi, na upepo ukaleta ngoma za mjini mpaka mlimani, na Labibu akaketi juu ya jiwe na mkate mkavu mkononi, akasema polepole, "Sina mtu duniani." Jini akafunika uso kwa viganja vyake, lakini kiapo ni kiapo.

Ijumaa Salwa akaja. Labibu akamkaribisha, naye hakugeuka. Akasimama mbele yake, na macho ya mwanamke yakampita kama yapitavyo juu ya jabali. Akaweka kapu, akaitazama mikono yake kana kwamba haijui imetumwa na nani, akashuka. Labibu akarudi ndani ajifariji kwa kuukumbuka uso wa marehemu mkewe, akaukuta umefutika, kama wino juu ya ubao wa chuoni uliooshwa.

Ijumaa tatu zikapita hivyo. Akasema ana ndugu, akasema ana marafiki tele, na moyo wake haukusadiki hata moja.

"Nisamehe," akasema Barjasi.

"Na wewe, una mtu?"

"Miaka elfu, bwana wangu, sikuwa naye."

Wakaketi wote wawili, kila mmoja na ukiwa wake.

Ijumaa ya nne kulivuma upepo wa mchanga, na Labibu akajua hapana atakayepanda mlima usio na mtu. Lakini Salwa akaja, amejifunga uso kwa ushungi, akaweka kapu, na akiamini yuko peke yake akasema, "Simjui ninayemletea. Ila kapu la juma lililopita nimelikuta tupu, basi yuko mtu, na mtu huyo ana njaa."

Maneno hayo yakamwingia Labibu. Hakutafuta neno kubwa. Akasema taratibu, kama mtu anayekanyaga jiwe asilolijua, "Sina watu wengi. Lakini yuko mmoja aliyevuka upepo kwa ajili yangu."

Moyo ukasadiki, kwa kuwa ilikuwa kweli. Salwa akageuka.

"Kumbe ni wewe, bwana Labibu. Umekonda. Waonaje hali?"

Labibu akafungua kinywa aseme amekwisha, akalimeza neno lile. "Nimechoka, bibi, na leo nimechimba shibiri moja. Keti kidogo upepo upite."

Akaketi. Na alipoondoka, uso wa marehemu ukamrudia Labibu pamoja na majonzi yake yote, akaulilia na kuushukuru.

Tangu hapo akaulea ulimi wake kama mtu aleavyo mwana mkaidi. Palipokuwa na "siwezi" akasema "sijaweza", na badala ya kusema jabali halina mwisho akataja alipofika. Upweke haukwisha, kwa maana kati ya Ijumaa na Ijumaa siku ni sita zile zile, lakini mkono ulimtii, na shibiri zikawa dhiraa.

Mwaka wa tatu, mwamba ulipoanza kutoa jasho, Labibu akamtazama jini akasema, "Mimi si bwana wa mtu yeyote." Na alilisadiki. Barjasi akatetemeka.

"Hilo ndilo neno lako la mwisho nitakalolitii," akasema, akapaa kama moshi, na pango likawa kubwa kwa kimya kuliko lilivyopata kuwa. Labibu akaumaliza ukuta uliosalia kwa mkono wa kibinadamu, siku kumi na saba bila wa kusema naye ila Salwa siku za Ijumaa, na ya kumi na nane maji yakapasua, yakashuka Jauharia.

Sultani Mundhiri akamvika joho, akampa nyumba yenye bustani na cheo cha Amiri wa Maji, akasema, "Omba mke katika mabinti wa mawaziri wangu." Labibu akabusu mkono wake, akaomba ruhusa ya kwenda bondeni.

"Bibi Salwa," akasema, "mimi si kijana, na ndani yangu mna ukiwa usiokwisha kwa siku moja."

"Nami ninao wangu," akajibu Salwa. "Tutauweka nyumba moja, tuone kama utapungua."

Wakaoana, na harusi ikachukua siku saba, na wakaishi kwa wasaa na heshima hata alipowajia mauti asiyezuilika. Nasi tuliobaki tunaambiwa hivi: asiyekuwa na jini wa kumtii asidhani ulimi wake hautiiwi, kwa kuwa nafsi humsikiliza mwenyewe kuliko inavyowasikiliza walimwengu. Basi mtu asiidanganye nafsi yake, wala asiilaani. Aiambie lililo kweli, kisha aiambie na lililosalia.